Video zote jina moja: kisa cha folda iliyosahihishwa ikapoteza tarehe

Folda yenyewe ilikuwa na video za mafunzo ya usimamizi wa seva. Nyingi zilikuwa MP4: nusu zilizohaririwa, nusu ghafi kutoka kwenye simu na kamera. Chache zilikuwa MKV, zao la programu ya kurekodi skrini, nazo zikahaririwa. Zilipowekwa kwenye seva ya video ya ndani, zile zilizohaririwa zote zilijitokeza kwenye katalogi kwa jina moja: "Mradi mpya 1". Majina ya faili hayakuwa na kasoro. `05-kumbukumbu.mp4` ndiyo hasa ilikuwa video ya kusoma kumbukumbu za seva, na `06-ruhusa.mp4` ilihusu ruhusa za faili. Katalogi haikuyatazama majina hayo.

Chanzo kilijulikana mapema. Kila kipindi kilihaririwa kwa kufungua kiolezo kile kile, na kiolezo kilikuwa na kichwa "Mradi mpya 1" ambacho hakuna aliyekigusa. Programu ya kuhariri ilikichukua ikakiandika ndani ya kila faili iliyoitoa. Jina la faili hutunzwa na mfumo wa uendeshaji, kichwa hutunzwa ndani ya kontena, yaani ule muundo wa faili unaofunga pamoja picha, sauti na maelezo yake. Ni kama kitabu kilichobandikwa jalada jipya huku ukurasa wa ndani ukibaki na jina la zamani, na katalogi hii husoma ukurasa wa ndani.

Kisa kingeishia hapo kama si marekebisho ya kwanza. Ilipofika kwangu, folda ilikuwa na ndugu yake iitwayo `mpya`, na mambo ndani yake yalikuwa hivi: vichwa vilikuwa sahihi, lakini faili zilikuwa pungufu kuliko za awali, video zilizokuwa na sauti mbili zilibaki na moja, na tarehe za kurekodiwa zilikuwa zimefutika kabisa, pleya moja ikidai kwamba mafunzo yalirekodiwa tarehe 1 Januari 1904. Tena kulikuwa na faili mbili zilizopitishwa njia tofauti, ambazo pleya ilizionyesha kwa jina jipya na katalogi ikang'ang'ania la zamani.

Faili za awali zilikuwa salama. Hilo ndilo lililofanya kila kitu kingine kiwezekane, na halikutokana na uangalifu wa mtu: ffmpeg, chombo cha kuchakata video kilichotumika, hukataa kuandika juu ya faili inayoisoma. Ukiipa jina moja la kuingia na kutoka, husimama.

Amri iliyoleta hasara

Aliyefanya kazi ya kwanza alikuwa na orodha, `majina.txt`, yenye jina la faili na kichwa kilichotakiwa, vikitenganishwa na tabo. Aliandika hivi:

```
while IFS=$'\t' read -r faili jina; do
  ffmpeg -i "$faili" -c copy -metadata title="$jina" "mpya/$faili"
done < majina.txt
```

Ukiisoma kwa haraka haina tatizo. `-c copy` ni chaguo sahihi: picha na sauti hazisimbwi upya, hunakiliwa baiti kwa baiti, kwa hiyo ubora haupungui na kazi huisha kwa sekunde chache. `-metadata title=` pia ni sahihi. Hasara zote zilitokana na yale ambayo amri haikuyataja.

Tuanze na faili zilizopotea. Ffmpeg inapofanya kazi husikiliza kibodi, ili ukitaka kuisimamisha ubonyeze `q`. Ndani ya kitanzi hiki, hata hivyo, kibodi si kibodi tena. Kinachoingia kwa mlango huo ni `majina.txt` yenyewe, ile ile ambayo `read` inaisoma mstari kwa mstari. Ffmpeg ilikuwa inanyofoa herufi kutoka kwenye orodha. Mstari uliofuata ukamfikia `read` ukiwa umekatwa kichwa, `kumbukumbu.mp4` badala ya `05-kumbukumbu.mp4`, na ffmpeg ikalalamika kwamba faili hiyo haipo. Mistari mingine ilimezwa mizima. Ujumbe wa makosa ulikuwepo, ila ulifunikwa na mamia ya mistari ya taarifa ambazo ffmpeg huzimwaga kwenye skrini kwa kawaida yake. Dawa ni neno moja, `-nostdin`, na kuongeza `-v error` ili kinachoonekana kiwe makosa tu. Na tukumbuke ile `q`: Kiswahili hakina herufi hiyo, lakini orodha yenye jina kama `14-sql.mp4` inaweza kuikatiza video nyingine njiani, nayo ikaonekana nzima mpaka mtu aitazame hadi dakika ya mwisho.

Sauti ya pili ina sababu yake. Usipoiambia ffmpeg ni mikondo gani unaitaka, huchagua yenyewe: picha moja, sauti moja, manukuu ya aina moja. Video zilizohaririwa zilikuwa na sauti ya Kiswahili na ya tafsiri ya Kifaransa. Ya pili ikaachwa bila neno. `-map 0` maana yake ni "chukua vyote vilivyomo", na kwa kazi ya kubadilisha tagi (maelezo kama kichwa, tarehe na lugha) sioni hali ambayo mtu angetaka kuanza na kitu kingine.

Tarehe ndiyo iliyonishughulisha zaidi, maana hata watu waliozoea ffmpeg huikosa. Ffmpeg hunakili tagi za jumla za faili bila kuambiwa, na kwa hiyo watu huamini kwamba zote zimehama. Lakini katika kunakili huko kwa hiari yake, huiondoa `creation_time` kwa makusudi, kwa hoja kwamba faili mpya imetengenezwa sasa, si siku ile. Ukiandika `-map_metadata 0` waziwazi, tarehe inabaki. Usipoandika, inaondoka. Matokeo mawili tofauti kutoka kwa maelekezo ambayo mtu yeyote angedhani ni kitu kimoja.

Kuna na kasoro ndogo niliyoiona kwenye vichwa vyenyewe. Orodha ilitolewa kwenye programu ya majedwali kwenye Windows, ambako mstari huishia kwa alama mbili zisizoonekana badala ya moja. Kwa hiyo kila kichwa kilikuwa na alama ya ziada mwishoni. Pleya nyingi haziionyeshi, lakini utafutaji wa neno kamili hushindwa. `tr -d '\r'` huisafisha orodha kabla ya chochote.

Ningeweza kuirekebisha amri ile ile, kuongeza maneno yaliyokosekana na kuiendesha tena. Sikuitaka njia hiyo. Ffmpeg haihariri faili. Huibomoa kontena, hutoa kilichomo, kisha hujenga kontena mpya kwa kile inachokijua na kile ulichokitaja. Kila usichokitaja kiko mashakani, na hakuna anayeweza kutaja asivyojua kuwa vipo. Kwa kazi ya kubadilisha kichwa, chombo kinachofaa ni kile kinachogusa kichwa na kuacha mengine yalivyo, hata yale kisiyoyaelewa. Kwa MP4 chombo hicho ni exiftool, kilichoandikwa na Phil Harvey na kinachotolewa tangu 2003; kwa MKV ni mkvpropedit, sehemu ya MKVToolNix.

Majina mengi ndani ya MP4 moja

Kabla ya kuandika, nilitazama. Amri ya kutazama ni hii:

```
exiftool -a -G1 -s -ee asili/05-kumbukumbu.mp4
```

`-a` huonyesha hata tagi zinazojirudia, `-G1` huonyesha kila moja inakaa katika kundi gani, `-ee` huchimba hadi data iliyofichwa ndani ya mikondo. Bila `-G1` ungeona "Title" na kuridhika. Pamoja nayo, kwenye faili zilizohaririwa, zilionekana mbili:

```
[ItemList]  Title : Mradi mpya 1
[XMP-dc]    Title : Mradi mpya 1
```

Faili ya MP4 ni visanduku ndani ya visanduku. Kila kisanduku huanza na baiti 4 za ukubwa wake na baiti 4 za jina lake. `mdat` hubeba picha na sauti, `moov` hubeba ramani: muda, mikondo, na mahali kila kipande kilipo ndani ya `mdat`. Ndani ya `moov` mna `udta`, ndani yake `meta`, ndani yake `ilst`, na humo ndimo kichwa cha mtindo wa iTunes kinapokaa, katika kisanduku kiitwacho `©nam`. Pleya nyingi na seva nyingi za video husoma hapo. XMP ni kitu kingine kabisa: ni maandishi ya XML, mfumo uliobuniwa na Adobe, yanayowekwa katika kisanduku cha `uuid` nje ya `moov`. Programu nyingi za kuhariri na za kutunza kumbukumbu za picha huandika na kusoma huko. Mbali na hizo mbili, MP4 inaweza kuwa na kichwa cha mtindo wa zamani wa QuickTime moja kwa moja ndani ya `udta`, na kingine katika kundi ambalo exiftool huliita Keys, linalopendwa na simu za Apple.

Hapo zile faili mbili zilizozozana zilijieleza. Zilikuwa zimepitishwa kwa exiftool, kichwa kikaandikwa kwenye ItemList peke yake. Pleya ilisoma ItemList. Katalogi ilitanguliza XMP. Zote mbili zilisema kweli kwa kadiri ya kile kila moja ilichokisoma.

Je, tuandike kichwa kipya katika sehemu zote mbili? Niliamua kubakiza sehemu moja. Kichwa kinachokaa mahali pawili kitatofautiana tena siku mtu mwingine atakapokihariri kwa chombo kingine. Tena XMP ya faili hizi ilikuwa na jambo lililofanya uamuzi uwe rahisi: programu ya kuhariri ilikuwa imeandika humo njia kamili ya folda ya mradi kwenye kompyuta ya mhariri, pamoja na jina lake la mtumiaji. Video za mafunzo zinazokusudiwa kusambazwa hazihitaji kubeba hayo.

Kwa exiftool hapahitajiki kitanzi. Orodha iligeuzwa kuwa CSV, jedwali la maandishi lenye safu zinazotenganishwa kwa koma:

```
SourceFile,ItemList:Title
./05-kumbukumbu.mp4,Kusoma kumbukumbu za seva
./06-ruhusa.mp4,Ruhusa za faili na folda
```

kisha, ndani ya nakala ya folda ya awali:

```
exiftool -csv=majina.csv -P -ext mp4 .
exiftool -XMP:all= -P -ext mp4 .
```

`-P` huihifadhi tarehe ya faili kwenye diski. Safu ya `SourceFile` lazima ilingane na njia kama exiftool inavyoiona, ndiyo maana niliweka `./` mwanzoni; njia zisipolingana, faili huachwa zilivyo na utabaki kushangaa. Kila faili iliyoguswa hupewa nakala yenye mwisho wa `_original`, na amri ya pili haikuziharibu nakala hizo kwa sababu exiftool haiandiki juu ya `_original` iliyokwisha kuwapo.

Yuko aliyeuliza kwa nini tusifungue faili kwa kihariri cha baiti na kubadilisha maandishi moja kwa moja. Kama kichwa kipya kina urefu sawasawa na cha zamani, inawezekana. Kikizidi kwa herufi moja, ukubwa wa `©nam` hubadilika, kisha wa `ilst`, `meta`, `udta` na `moov`, kila kimoja kikiwa na hesabu yake. Na kama `moov` imetangulia `mdat`, kama inavyopangwa kwenye faili za kutiririsha, `mdat` nzima inasogea mbele. Ramani iliyomo kwenye `stco`, inayohesabu umbali kutoka mwanzo wa faili, inakuwa ya uongo kwa kila kipande. Video inafunguka, inaonyesha muda sahihi, halafu haichezi. Vyombo vinavyofaa huisahihisha ramani hiyo vyenyewe au hutumia nafasi tupu iliyoachwa katika kisanduku cha `free`.

Lugha za sauti nilizirekebisha kabla ya vichwa, kwa MP4Box, kwa sababu chombo hicho huiandika faili upya na nilitaka exiftool iwe ya mwisho kugusa:

```
MP4Box -lang 2=swa -lang 3=fra 05-kumbukumbu.mp4
```

Namba ni za utambulisho wa mkondo, si za mpangilio wake. Zitazame kwanza kwa `MP4Box -info`. Na msimbo ni wa herufi tatu. MP4 huihifadhi lugha katika biti 15, tano kwa kila herufi, hivyo `sw` kama ilivyo haina pa kukaa humo.

Saa tatu zisizokuwepo

Kwa video zilizohaririwa tarehe ya ndani ni ya siku zilipotolewa, na timu iliridhika nayo. Ugomvi ulikuwa kwenye faili ghafi. Simu na kamera zilirekodi kipindi kimoja kwa wakati mmoja, lakini katalogi, inayopanga kwa tarehe ya ndani, iliweka vipande vyote vya kamera baada ya vya simu, kwa tofauti ya saa tatu kamili. Tofauti ya saa kamili, bila dakika za ziada, ni dalili ya kanda za saa. Saa ya kifaa iliyopotea huacha dakika na sekunde za ovyo.

MP4 huhesabu muda kwa sekunde tangu usiku wa manane wa tarehe 1 Januari 1904, urithi wa QuickTime na kompyuta za Macintosh. Ndiyo maana sehemu hiyo ikiwa sifuri baadhi ya pleya huandika 1904, wakati exiftool huonyesha sifuri tupu. Kiwango cha MP4 kinataka wakati huo uwe UTC, saa ya rejea ya dunia nzima. Simu kwa kawaida hutii. Kamera nyingi hazijui kanda ya saa zilipo, huandika tu saa iliyo kwenye skrini yao. (Kwa hesabu ya biti 32 sehemu hii itajaa Februari 2040. Kiwango kina toleo la biti 64. Tutaona ni vifaa vingapi vitakuwa vimehamia.)

Kipi kilikuwa sahihi, simu au kamera? Ushahidi ulikuwa ndani ya picha. Mkufunzi alikuwa akionyesha skrini yake, na saa ya kompyuta ilionekana pembeni. Tarehe ya ndani ya kamera ililingana na saa hiyo. Ya simu ilikuwa nyuma yake kwa saa tatu. Mahali pale palikuwa mbele ya UTC kwa saa tatu, kwa hiyo simu iliandika UTC na kamera iliandika saa ya mahali. Faili za kamera ndizo zilizotakiwa kurudishwa nyuma:

```
exiftool -P "-QuickTime:CreateDate-=3" "-QuickTime:ModifyDate-=3" \
  "-TrackCreateDate-=3" "-TrackModifyDate-=3" \
  "-MediaCreateDate-=3" "-MediaModifyDate-=3" kamera/
```

Ni tagi sita kwa sababu tarehe imeandikwa katika ngazi tatu: ya faili nzima, ya kila mkondo, na ya data ya mkondo. Ukibadilisha ya kwanza tu umerudi kwenye tatizo la vichwa viwili. Amri hii haina kumbukumbu: ukiiendesha mara ya pili itapunguza saa tatu nyingine. Ndiyo maana faili za kamera zilihamishiwa kwenye folda yake kwanza, na matokeo yakatazamwa kabla ya kuzirudisha. Kwa kawaida exiftool huonyesha tarehe kama ilivyoandikwa. Ukitaka izitafsiri kwa saa za kompyuta yako, ongeza `-api QuickTimeUTC`, na usichanganye masomo ya aina mbili hizo katika kazi moja.

MKV: rahisi, lakini haina bekapu

Exiftool husoma MKV, haiandiki. Mkvpropedit kwa upande wake hubadilisha faili pale pale ilipo, hata kama ni ya gigabaiti nyingi, kwa sababu Matroska, muundo wa faili za MKV, huruhusu nafasi tupu kati ya sehemu zake na tagi zinaweza kusogezwa bila kugusa picha. Urahisi huo una bei: hakuna `_original`. Nakili kwanza.

Kichwa cha MKV nacho kina zaidi ya makao moja. Kiko kwenye taarifa za jumla za faili, kinaweza kuwa tena kama tagi ya TITLE, na kila mkondo una jina lake. Faili hizi zilikuwa na "Mradi mpya 1" hata kwenye jina la mkondo wa picha, jambo ambalo ffprobe, chombo cha kutazama faili kinachoandamana na ffmpeg, hulionyesha kama `title` chini ya mkondo na ni rahisi kulipita.

```
mkvpropedit 11-skripti.mkv \
  --edit info --set title="Skripti ya kwanza" \
  --edit track:v1 --delete name \
  --edit track:a1 --set language=swa \
  --edit track:a2 --set language=fre --set flag-default=0 \
  --tags global:
```

`--tags global:` bila jina la faili hufuta tagi za jumla. Kifaransa hapa ni `fre` na si `fra`, kwa kuwa ISO 639-2, kiwango cha misimbo ya lugha, kina misimbo miwili kwa baadhi ya lugha na Matroska ilichagua ile ya maktaba. Kiswahili hakina utata huo. Ile `flag-default=0` inahitajika kwa sababu Matroska huihesabu sauti kuwa ya kuanza nayo mpaka iambiwe vinginevyo, kwa hiyo sauti zote mbili zilikuwa zinadai nafasi ya kwanza na kila pleya iliamua kivyake.

Mahali zilipochukuliwa

Hili halikuwa kwenye ombi la timu. Lilijitokeza nilipotazama faili za simu: kulikuwa na latitudo na longitudo. Desimali nne za nyuzi ni takribani mita 11, yaani jengo, pengine na chumba. Exiftool huziondoa hivi:

```
exiftool -P -UserData:GPSCoordinates= -Keys:GPSCoordinates= \
  -ItemList:GPSCoordinates= simu/
```

Baada ya hapo `-ee` bado ilionyesha viwianishi katika faili chache. Hizo zilikuwa na mkondo wa data unaoandika mahali kwa mfululizo wakati wa kurekodi, na exiftool huusoma mkondo huo bila kuweza kuufuta. Hapa sasa ffmpeg ndiyo ilifaa, kwa sababu tulitaka kweli kontena ijengwe upya bila kitu fulani:

```
ffmpeg -nostdin -v error -i simu/21.mp4 -map 0 -map -0:d \
  -map_metadata 0 -c copy -metadata location= \
  -metadata location-eng= safi/21.mp4
```

Wengi hupendekeza `-map_metadata -1`, inayofuta kila kitu. Hufuta kweli: na tarehe, na lugha za sauti, na majina ya sura. Kwa faili ya kutuma mara moja sawa. Kwa hazina ya video ambayo watu wataitafuta kwa tarehe, ni kulipia usiri kwa gharama isiyo ya lazima.

Zile `_original` za exiftool bado zina mahali palepale pa zamani. Zikiachwa ndani ya folda inayopandishwa, kazi yote ya kusafisha haina maana. Zilihamishwa nje kabla ya kitu kingine.

Ukaguzi

Msimamizi wa seva aliendesha `md5sum`, inayokokotoa alama ya utambulisho ya faili nzima, kwa faili za zamani na mpya, akaona zote zimetofautiana, akashtuka. Lazima zitofautiane, tagi ni sehemu ya faili. Kinachotakiwa kubaki vilevile ni picha na sauti, na hivyo hupimwa peke yake:

```
ffmpeg -nostdin -v error -i 05-kumbukumbu.mp4 \
  -map 0:v -map 0:a -c copy -f streamhash -hash md5 -
```

Hutoa mstari mmoja kwa kila mkondo. Ukiiendesha kwa faili ya awali na ya sasa, mistari inapaswa kulingana herufi kwa herufi, na idadi ya mistari ikipungua umepoteza mkondo. Kwa folda ya kwanza, ile `mpya`, ukaguzi huu ungeonyesha hasara ya sauti ya pili siku ile ile. Kwa kazi ya pili mistari yote ililingana. Tarehe na mahali vilikaguliwa kwa `exiftool -a -G1 -s -ee` tena, safari hii kwa folda nzima, na matokeo kuchujwa kwa `grep`. Faili zilizopita kwa ffmpeg ziliongezewa `touch -r` ili tarehe yake kwenye diski ifanane na ya awali.

Folda ilipopandishwa upya, katalogi iliendelea kuonyesha "Mradi mpya 1". Ilikuwa inasoma hifadhidata yake yenyewe, ambayo ilijazwa mara ya kwanza faili zilipoingia. Baada ya kuamriwa ikague upya metadata zote, vichwa vipya vilitokea, isipokuwa kwa video moja. Hiyo, wakati wa kuhangaika mwanzoni, mtu alikuwa amekwisha kuiandikia kichwa kwa mkono ndani ya katalogi na kukifunga kwa kufuli kisibadilishwe na ukaguzi, tena kwa kosa la tahajia. Ilifunguliwa humo humo kwenye katalogi na kukaguliwa upya. Faili yake haikuhitaji kuguswa tena.